Julai, Moshi hadi Kitulo kwa gari na hema: jiko la mkaa libaki nje

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Soweto, hapa Moshi. Julai tuna shughuli ya ukoo Mbeya, na badala ya kupanda basi tumeamua kwenda na Prado yetu. Tutapita Babati, Dodoma, Iringa na Njombe, tukilala kwenye hema njiani, halafu tulale usiku mbili kwenye hifadhi ya Kitulo kabla ya kushuka Mbeya. Tuna watoto wawili, wa miaka 12 na 7. Tuna hema la watu sita, godoro la upepo na mablanketi. Mume wangu anasema baridi ikizidi tutaingiza jiko la mkaa hemani nusu saa, kisha tulitoe. Pesa ya vifaa ni kidogo. Tununue nini kwanza, na huyu mdogo ataweza?

Jibu: Dada yangu, naanza na jiko, maana mengine yote mnaweza kuyarekebisha mkiwa njiani, hili hapana. Mwambie shemeji jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, iwe nusu saa au dakika tano, hata kama mlango umeachwa wazi. Mkaa ukiungua penye hewa kidogo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyokereketa koo. Ukiivuta inajishika kwenye damu pale ambapo oksijeni ingekaa, tena inashika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo haitoki upesi hata ukishaacha kuivuta. Moshi ungewaamsha kwa kikohozi. Mkaa ulioiva, ule mwekundu tunaoupenda jikoni kwa kuwa hautoi moshi, haumwamshi mtu. Na huo mpango wa nusu saa una tatizo moja kubwa: anayetegemewa kulitoa jiko ndiye huyo huyo anayelegezwa na usingizi. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo huyo wa miaka 7 ndiye atakayeumia mapema, na ndiye asiyeweza kujieleza.

Mkaa unaoonekana kufa chini ya majivu bado unatoa hewa hiyo, kwa hiyo jiko lilale nje, mbali na mlango wa hema. Msilale ndani ya gari huku injini inaunguruma ili mpate joto la hita. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu baada ya kukaa karibu na moto mahali palipofungwa, msianze kufikiria malaria wala uchovu wa safari. Toeni watu wote nje kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Hilo likieleweka, mengine ni ya kupanga tu, na kwa pesa kidogo mnaweza kulala vizuri.

Kitulo ni uwanda wenye kimo cha karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini ni kama mita 800. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo hesabu ya haraka inakwambia Kitulo itakuwa na baridi zaidi ya kwenu kwa nyuzi 10 au 11. Usiku wa Julai hesabu hiyo haitoshi. Sisi wa huku tunadhani tunaijua baridi ya Julai, lakini baridi ya Moshi na Arusha mwezi huo ni ya mawingu. Mlima hauonekani siku nyingi, na mawingu yale yanatufunika kama blanketi, joto la ardhi linabaki chini. Kitulo wakati wa kipupwe anga huwa jeupe, nyota zote nje, na joto la mchana linapotea juu mara jua likizama. Ndiyo maana Juni hadi Agosti majani ya kule hukutwa asubuhi yamefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Zipu ya hema inakuwa ngumu kwa barafu ndogo ndogo, na ukiivuta kwa pupa inakatika meno. Ishike kwa kiganja kwanza, ipate joto, ndipo uivute taratibu.

Sasa tununue nini. Watu wengi wananunua vya kujifunika, kumbe baridi kali zaidi inatoka chini. Blanketi linakupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua ile hewa yote, likabaki kitambaa. Unaweza kujifunika mablanketi matano na mgongo ukaendelea kuganda, maana ardhi inanyonya joto lako usiku kucha. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende chini ya mwili.

Hilo godoro lenu la upepo liacheni nyumbani. Hewa ya ndani yake inazunguka: inapoa kwa kugusana na ardhi, inapanda, inachukua joto la mgongo wako, inashuka tena. Kwa Dodoma ni zuri sana, kwa Kitulo litawakesha. Nunueni sponji, ile wanayokata madukani kwa inchi, inchi mbili au tatu zinatosha. Chini yake pangeni maboksi yaliyofunguliwa yakalala bapa. Maboksi yanapatikana bure kwenye maduka ya jumla na yanazuia baridi kuliko mtu anavyodhani. Mpangilio uwe hivi: turubai ardhini, hema juu yake, halafu ndani maboksi, mkeka, sponji, na blanketi moja zito juu ya sponji. Turubai lisichungulie nje ya kingo za hema, likunjeni kwa ndani. Likitokeza, umande unaotiririka kwenye ukuta wa hema unaingia juu ya turubai na mtajikuta mmelalia maji.

Shilingi ya pili ni mfuko wa kulalia, slipingi begi, na hapa mna bahati ya kuishi Moshi. Msinunue, kodini. Mji wenu una maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani, na yale yanayomfaa mgeni anayelala kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, juu ya mita 4,600, yatawafaa nyinyi Kitulo bila shaka. Nendeni mapema tu, kwa kuwa Julai ni msimu wa wapandaji na vizuri vinakwisha.

Ukifika dukani usikubali kuoneshwa mfuko ukiwa umefungwa kwenye gunia lake. Mwambie autoe, autandaze, mngoje dakika kumi. Mfuko mzima unavimba wenyewe. Ukibaki bapa kama shuka, umechoka, hata kama lebo yake inaahidi makubwa. Uinue kwenye mwanga wa dirisha uangalie kama kuna sehemu zinazopitisha mwanga, hasa miguuni na kifuani. Hapo ujazo umehama. Endesha zipu mara mbili kutoka juu hadi chini. Kisha soma lebo. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huwa na namba tatu za joto. Ya kwanza ni ile ambayo mwanamke wa kawaida atalala kwa raha, ya pili ni kikomo kwa mwanamume, na ya tatu ni ya hatari: kwenye joto hilo mwanamke anaweza kuvumilia saa sita bila kufa kwa baridi. Wauzaji hupenda kutaja hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo ya baridi kali zaidi. Wewe tafuta ile ya kwanza, na iwe sifuri au chini ya hapo. Hiyo pia inajibu ubishi wa nyumba nyingi: ukimwambia shemeji unasikia baridi wakati yeye hasikii, si deko, hata waliopima waliona hivyo.

Mifuko ya manyoya ya bata ni myepesi na ina joto sana, ila ikilowa haina kazi. Kwa familia yenye watoto na vikombe vya chai hemani, chukueni ya nyuzi za viwandani. Kwa mdogo, mfuko wa mtu mzima una nafasi kubwa tupu miguuni, na mwili wake mdogo utahangaika usiku mzima kupasha joto nafasi hiyo. Ukunje mfuko chini ya nyayo zake na ufunge kwa kamba, au jaza nafasi hiyo kwa sweta zake za kesho. Kesho asubuhi atavaa sweta yenye joto, na hilo peke yake linapunguza vilio.

Pesa ikiwa haitoshi kukodi minne, kodini miwili ya watoto. Nyinyi wawili unganisheni mablanketi: mawili chini, yanayobaki juu, na shuka la Kimasai juu kabisa la kuzuia upepo.

Nguo tafuteni soko la Memorial hapo Moshi. Mnachotafuta ni sufu na yale majaketi laini ya manyoya mafupi, flisi, ambayo mitumba imejaa. Fulana za pamba na jinzi ni za mchana. Pamba ikinywa jasho inakaa na maji na kukupoza, na jasho lipo hata kwenye baridi, maana mtoto akikimbia uwandani saa kumi jioni analowa mgongo bila wewe kujua. Kwa hiyo kila mtu awe na seti moja ya kulalia, ya ndani, soksi na kofia, isiyovaliwa kwa kazi nyingine yoyote. Ikae kwenye mfuko wa nailoni hadi saa ya kulala. Kubadili nguo zote, pamoja na soksi zinazoonekana kavu, ndilo jambo ambalo watu hulipuuza kwa uvivu halafu wanatetemeka hadi alfajiri. Msivae soksi tatu zinazobana. Damu isipofika vidoleni, hakuna soksi itakayosaidia.

Unyevu wa pumzi ni adui mwingine. Watu wanne kwenye hema lililofungwa kila tundu wataamka matone yakidondoka kutoka darini, mablanketi yamelowa. Acheni madirisha ya juu wazi kidogo. Ndiyo, hewa ya baridi itaingia, na bado mtalala na joto zaidi kwa kuwa mtabaki wakavu. Wakatazeni watoto kuingiza kichwa kizima ndani ya mfuko. Pua na mdomo viwe nje, kichwa kivae kofia.

Kabla ya kulala kuleni chakula chenye mafuta: karanga, chapati, nyama yenye mafuta yake. Mwili unahitaji kitu cha kuunguza usiku. Chemsheni maji, mjaze chupa ngumu zisizovuja, mzivishe soksi na kila mtoto alale na yake mapajani. Wagumu wa mlimani wanafanya hivyo na inafanya kazi. Halafu wote wakojoe, na wewe uweke ndoo yenye mfuniko barazani mwa hema, maana mtoto anayeogopa kutoka gizani atajibana hadi asubuhi na hatalala. Shemeji akikaribishwa ulanzi au pombe kali Njombe kwa maelezo kwamba inatoa baridi, asiinywe usiku wa Kitulo. Pombe inaleta damu kwenye ngozi, mtu anajisikia joto, kumbe joto la ndani linakimbia nje.

Kuhusu njia, ni lami kutoka nyumbani hadi Njombe, na sina mengi ya kuongeza isipokuwa mpangilio wa vituo. Usiku wa kwanza Babati, karibu kilometa 250. Msikite hema ukingoni mwa ziwa hata kama panapendeza, kwa kuwa lina viboko na usiku wanatoka kula majani. Siku ya pili mpite Kolo mkaoneshe watoto michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huyo wa miaka 12 yuko kwenye umri wake hasa. Lala Dodoma. Siku ya tatu mvuke bwawa la Mtera hadi Iringa, na hapo baridi inaanza kujitambulisha. Vijiji vingi njiani vina alama za kilometa 50 kwa saa, ziheshimuni.

Siku ya nne, Iringa hadi Njombe kupitia Mafinga na Makambako, msilale kwenye hema. Lipeni nyumba ya wageni Njombe. Njombe yenyewe iko karibu mita 1,900 au 2,000 na baridi yake haina utani. Kazi ya usiku huo ni kukausha kila kitu kilicholowa njiani, kuoga maji ya moto, kulala vya kutosha na kupika maharage. Nasema maharage kwa makusudi: Kitulo maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100, na maharage mtakayoanza kuyapika kule saa kumi na moja jioni mtayala usiku wa manane yakiwa bado magumu. Nyama nayo ichemsheni huko huko Njombe. Kule juu mpashe moto tu, mpike wali au ugali. Bebeni mtungi wa gesi wa kilo 6. Vile vikopo vidogo vya gesi vyenye butani tupu vinakufa joto likikaribia sifuri, kwa sababu butani haigeuki kuwa hewa kwenye baridi hiyo. Gesi nayo, kama mkaa, ni ya nje.

Kitulo fikeni saa tisa, saa kumi ikizidi sana. Jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na joto linaanguka ghafla. Hema lisimame kabla ya hapo na watoto wawe wameshabadili nguo. Kuhusu mahali pa kukita, hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni, kwa hiyo pale panapoonekana pamejificha kando ya kijito ndipo penye sakitu nyingi zaidi. Pandeni kidogo juu ya mteremko, chini ya kilele ili upepo usiwapige. Uwanda ule hauna miti ya kuwakinga, kwa hiyo egesheni gari upande unakotoka upepo na mfunge kamba zote za hema, si zile nne za kona tu. Mlango utazame mashariki, jua la kwanza liwafikie.

Hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, tangu 2005, na makao yake makuu yako Matamba. Ulizeni malipo na eneo la kambi kabla ya kuondoka, TANAPA yenyewe ofisi kuu iko hapa Arusha. Msijiendee tu na noti mkononi. Niseme wazi pia kwamba maua yaliyoipa Kitulo sifa ya Bustani ya Mungu huchanua Novemba hadi Aprili. Julai mtapata nyasi za dhahabu, anga safi na utulivu. Kama wewe unakwenda kwa ajili ya okidi, ahirisha Kitulo, si Mbeya.

Mtoto wako mdogo ataweza, kwa sharti moja: fanyeni usiku wa majaribio. Kama mna ndugu Kibosho, Marangu au Old Moshi juu, ombeni mkite hema kwenye kihamba chao, shamba la nyumbani, wiki mbili kabla, mahali palipo wazi, si chini ya migomba. Mtapata kimo cha mita 1,500 au zaidi na nyumba ya bibi hatua ishirini pembeni. Lala na vifaa vilevile, nguo zilezile. Kama mgongo wa mtu umepoa usiku huo, Kitulo utaganda, kwa hiyo ongezeni sponji. Mtoto akilala hadi asubuhi, nendeni. Akiamka mara tatu kwa baridi, laleni usiku mmoja Kitulo badala ya mbili, au mwende mchana na mrudi kulala Makete mjini.

Mkiwa kule mwangalieni. Kutetemeka ni kawaida: mwongezee nguo, mpe uji wa moto wenye sukari. Akianza kujikwaa, maneno kumzunguka mdomoni, au kununa bila sababu na kukataa kucheza, mvue kilicholowa, mwingize mfukoni pamoja nawe, ngozi kwa ngozi. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa, hiyo ni dharura. Washeni gari mshuke naye kutafuta hospitali usiku huo huo, akiwa amefunikwa vizuri. Msimsugue miguu kwa nguvu wala msimtumbukize kwenye maji ya moto.

Gari nalo lina baridi yake. Betri dhaifu inayowasha vizuri Moshi itakataa Kitulo alfajiri, kwa hiyo ipimeni kabla. Prado ya dizeli, subirini taa ya plagi izime ndipo mpige stata. Upepo wa tairi mpime asubuhi kabla ya kutembea.

Mkitoka kwa upande wa Matamba kuteremkia Chimala, mtashuka ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Shemeji aingize gia ndogo tangu juu, breki ziwe za kugusa na kuachia. Katikati kama mtasikia harufu ya kuungua, tafuteni mahali papana, wekeni jiwe nyuma na mbele ya tairi, mngoje breki zipoe zenyewe. Msizimwagie maji, disiki zitapinda. Nusu saa ya kusubiri hapo haitawachelewesha kwenye shughuli, kwa kuwa mkifika Chimala mko tayari kwenye lami ya kwenda Mbeya.